Kuku wa nyama bila unga wa dawa: mwongozo kwa anayeanza kufuga Nairobi

Swali ni lile lile kila wiki. "Vifaranga wangu wana wiki mbili, niwatilie nini kwenye chakula wanenepe haraka?" Wengine hawaandiki hata neno, hutuma tu picha ya paketi kutoka agroveti: unga wa manjano, jogoo mnene amechorwa mbele, na "BOOSTER" kwa herufi kubwa. Je, hii ni nzuri? Jibu fupi ni kwamba usiwatilie chochote. Jibu refu ndilo hili, na nimeliandika ili nisiwe nalirudia kwenye simu hadi usiku.

Nakuandikia wewe mwenye kuku kati ya 100 na 500 kwenye ploti ya Ruai, Mwiki, Utawala au Kahawa West, unayeuza kuku akiwa na wiki tano au sita kwa majirani, vibanda vya chipsi na labda hoteli moja. Kama unafuga nguruwe au kuku wa mayai, anza na hatua ya 4. Hiyo ni yako pia.

MAMBO MAWILI KWANZA

Homoni. Kuku wa nyama hapewi homoni, na wala hazihitaji. Homoni ya ukuaji ni protini. Kuku akiila, tumbo litaisaga sawa na linavyosaga soya. Ingebidi umdunge kila kuku sindano tena na tena, na sijui nani ana muda huo akiwa na kuku 300. Marekani iliwahi kuwapachika kuku vidonge vya homoni shingoni, ikavikomesha mwishoni mwa miaka ya 1950. Homoni zinazotumika huko hadi leo ni za ng'ombe wa nyama, hupachikwa chini ya ngozi ya sikio, na nchi za Ulaya zimekataa nyama hiyo tangu 1989. Kuku wako anakua haraka kwa sababu ya ukoo wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walilea pamoja kuku wa ukoo uliohifadhiwa tangu 1957 na kuku wa nyama wa kisasa, aina ya Ross 308, wa mwaka 2005, wakawapa chakula kile kile. Siku ya 56, wale wa 1957 walikuwa na wastani wa gramu 905, na wale wa 2005 gramu 4,202. Kwa hiyo mtu akikuuzia "homoni ya kuku" mtaani, amekuuzia kitu kingine kabisa, na mara nyingi ni antibiotiki.

Antibiotiki. Hizi kweli ziliwahi kukuza mifugo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad, watafiti wa kampuni ya Lederle huko Marekani, walikuwa wakitafuta njia rahisi ya kuwapa vifaranga vitamini B12. Waliwalisha mabaki yaliyotokana na kutengeneza antibiotiki iitwayo chlortetracycline, na vifaranga wakakua kuliko vitamini peke yake ingeweza kueleza. Tangu hapo dunia nzima ikawa inatia dawa kidogo kidogo kwenye chakula cha mifugo. Shida ni hicho kidogo kidogo: bakteria dhaifu hufa, wagumu hubaki na kuzaana, kisha hutoka na mavi, na nyama, na mikono yako. Umoja wa Ulaya ulikomesha matumizi hayo ya kukuza tarehe 1 Januari 2006. Marekani ilifuata mwaka 2017 kwa dawa zile ambazo binadamu anazitegemea, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuwataka wafugaji waache.

Hayo ni ya dunia. Ya mfukoni mwako ni haya: faida ya antibiotiki kwenye ukuaji huonekana zaidi penye uchafu, msongamano na baridi. Banda likiwa safi na lenye joto la kutosha, faida hiyo hupungua sana. Basi ule unga unakusaidia kuficha banda bovu, na utaulipia kila kundi.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA YA KUAGIZA VIFARANGA

Nenda Kamukunji kwa mafundi wa mabati. Utapata jiko kubwa la makaa, vyombo vya kulia na vya kunywea kwa bei ya kupatana. Chombo kimoja cha maji kwa vifaranga 50, wala usibane hapo. Maranda ya mbao utayapata Gikomba au kwa seremala yeyote wa mtaa wako. Chukua yaliyokauka, ya mbao isiyopakwa dawa, na usichukue vumbi la msumeno kwa sababu vifaranga hulidonoa wakidhani ni chakula. Nunua kipimajoto. Nunua mizani ya jikoni, ile ya gramu. Nunua daftari. Tafuta beseni la kutia dawa ya kukanyaga mlangoni, na viatu vya kuingilia bandani ambavyo havitoki bandani.

Nafasi: kila kuku apate futi moja ya mraba, yaani kuku 10 hivi kwa mita moja ya mraba. Ukisikia mtu anakwambia 15 wanatosha, muulize anatumia dawa gani.

Tafuta pia namba ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, KVB, kabla hujamhitaji. Muuzaji wa agroveti anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini huwa anauza.

HATUA

1. Osha banda, kisha uliache tupu.
Toa mbolea yote ya kundi lililopita, hata ile ya pembeni iliyoganda. Osha kwa maji na sabuni, acha likauke, halafu ndipo upige dawa ya kuua viini. Ukipiga dawa juu ya mavi umemwaga pesa, maana uchafu huila dawa kabla haijagusa sakafu. Paka chokaa. Acha banda tupu wiki mbili. Usichanganye vifaranga wapya na kuku wakubwa chini ya paa moja. Wakubwa huonekana wazima huku wamebeba ugonjwa utakaowamaliza wadogo.

2. Washa joto siku moja kabla.
Zungushia bruda, yaani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, kwa mabati laini au mbao nyembamba, iwe duara, bila kona. Kwenye kona ndiko vifaranga hurundikana na kukanyagana usiku. Tandaza maranda sentimita 5 hadi 10. Joto la usawa wa kifaranga liwe 32 hadi 33 wiki ya kwanza, kisha upunguze digrii 3 kila wiki mpaka ufike 21 hivi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Nairobi si ya kufanyiwa mzaha: usiku sakafu ya saruji huwa baridi kiasi kwamba hewa inasoma 32 na miguu ya kifaranga inaganda. Weka kiganja chako chini ya maranda. Ukisikia ubaridi, vifaranga wasishuke bado.

Jiko liwashie nje mpaka makaa yawe mekundu na moshi uishe, ndipo uliingize, na uache upenyo wa hewa juu ya ukuta. Hewa ya makaa huua bila kunuka, na haichagui kati ya kuku na mtu aliyelala humo kuwalinda.

Kipimajoto ni kizuri lakini vifaranga wenyewe wanasema ukweli zaidi. Wakirundikana chini ya joto, wanaona baridi. Wakilikimbia na kupanua midomo, limezidi. Wakienda wote upande mmoja, kuna upepo unapenya upande wa pili. Tafuta tundu uzibe. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala, hapo umepatia.

3. Saa 24 za kwanza.
Maji kwanza, ya uvuguvugu, halafu chakula. Kama wametoka safari ndefu unaweza kutia glukosi kidogo kwenye maji ya mara ya kwanza. Hapa ndipo wengi hutia "antibiotiki ya kuanzia" kwa siku tatu au tano, eti kuondoa uchovu wa safari. Acha. Kifaranga aliyeanguliwa vizuri hana ugonjwa wa kutibiwa siku ya kwanza. Ana baridi na kiu.

Usiku wa kwanza, chukua vifaranga 20 mmoja mmoja na umguse taratibu chini ya shingo, kwenye ule mfuko wa chakula. Ukijaa na ukawa laini kama uji mzito, amekula na kunywa. Ukiwa mgumu, amekula bila maji. Ukiwa mtupu, hajaonyeshwa chakula kilipo, au anaona baridi. Kesho yake asubuhi, 19 kati ya hao 20 wawe wamejaa. Jaribio hili halikugharimu hata shilingi, nami naliamini kuliko paketi yoyote.

4. Geuza paketi.
Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike. Mbele ya paketi huandikwa mambo ya kupendeza: vitamini, nguvu, mayai mengi, ukuaji. Nyuma, kwa maandishi madogo unayohitaji kuyasogeza kwenye mwanga, kuna orodha ya vilivyomo. Soma kutoka juu. Ukikuta vitamini A, D3, E, K3, B2, B12, madini na amino asidi peke yake, hiyo ni vitamini kweli. Ukikuta jina linaloishia na "-cycline", kama oxytetracycline au doxycycline, hiyo ni antibiotiki. Vivyo hivyo yanayoishia na "-mycin", kama neomycin na erythromycin. "-Cillin", kama amoxicillin. "-Floxacin", kama enrofloxacin. Na yanayoanza na "sulfa". Ongeza mawili yasiyofuata mtindo huo: tylosin na colistin.

Colistin nitaisemea peke yake. Ni miongoni mwa dawa za mwisho ambazo daktari wa hospitali humpa mgonjwa nyingine zote zikishashindwa. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kwamba wamekuta, kwenye nguruwe, nyama na wagonjwa, bakteria wenye jeni iitwayo mcr-1 inayoishinda colistin, na jeni hiyo huruka kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. China yenyewe iliacha kuitia kwenye chakula cha mifugo mwaka 2017. Ukiikuta kwenye kitu kinachoitwa "vitamini ya kuku", kirudishe dukani.

Unga wa kuongeza mayai unaouzwa kwa wafugaji wa kuku wa mayai huwa na mchanganyiko huo mara nyingi: oxytetracycline pamoja na vitamini. Mfugaji huutia kila mwezi, kuku wanataga, mayai yanakwenda dukani siku hiyo hiyo. Akiulizwa, husema kwa moyo mmoja kwamba hatumii dawa. Na hasemi uongo, kwa jinsi anavyojua yeye.

Angalia pia kama bidhaa imesajiliwa na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, VMD. Unga uliopimwa kwa kijiko ukafungwa kwenye karatasi ya nailoni usiununue, hata kama jirani yako ameusifu. Na vidonge vya binadamu vibaki kwa binadamu.

5. Chakula kiwe chakula.
Starta, chakula cha kuanzia, hadi siku ya 21 hivi, kisha finisha, chakula cha kumalizia, mpaka mwisho. Kuku mmoja atakula kilo 3 hadi 3.5 hadi siku ya 35. Usipunguze makali ya starta kwa kuchanganya pumba au mahindi ya posho ili gunia lisogee; pesa unayookoa wiki ya kwanza utaililia wiki ya tano. Inusa kila gunia ulifunguapo. Likiwa na harufu ya uvundo au madonge yenye rangi ya kijani, lirudishe. Sumu ya ukungu kwenye mahindi, aflatoksini, hudumaza kuku na kuwavunjia kinga, na ndipo mfugaji hudhani anahitaji dawa. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Starta nyingi tayari zina dawa ya kuzuia koksidia, kile kijidudu kinacholeta kuhara damu. Soma lebo ya gunia kabla hujaongeza nyingine. Kama ni salinomycin (inaishia na "-mycin", lakini hapa imewekwa kwa ajili ya koksidia) au monensin, jua mambo mawili. Kwanza, dawa hizo zikikutana na tiamulin, antibiotiki nyingine, kuku hulemaa na hufa. Usikubali tiamulin kabla hujamwonyesha daktari lebo ya gunia. Pili, ni sumu kwa punda na farasi. Chakula kilichobaki usimpe punda wa mkokoteni wa maji, hata kama mwenyewe ameomba.

6. Chanjo, maana kuku wengi hufa kwa virusi.
Newcastle na Gumboro ni magonjwa ya kuku yanayoletwa na virusi. Hakuna antibiotiki inayovigusa, hata ukimwaga ndoo nzima. Ratiba ya kawaida ya hapa ni Newcastle katika wiki ya kwanza na tena wiki ya tatu, Gumboro karibu siku ya 10 na tena karibu siku ya 18, lakini uliza aliyekuuzia vifaranga wamechanjwa nini walipoanguliwa, ufuate ratiba yake.

Chanjo hufa njiani au kwenye maji kuliko unavyodhani. Ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu, isikae kwenye dashibodi ya matatu. Maji ya mfereji ya Nairobi yana klorini, nayo huiua chanjo. Yachote usiku yakae wazi hadi asubuhi, kisha utie unga wa maziwa yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 3 kwa lita, dakika chache kabla ya chanjo. Vyombo uvioshe kwa maji matupu. Wanyime kuku maji saa moja au mbili, halafu uwape kiasi wanachoweza kumaliza ndani ya saa mbili. Siku hiyo usitie siki wala dawa yoyote ndani ya maji.

7. Hewa na maranda.
Hili halizungumzwi vya kutosha. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na oksijeni huku juu ni pungufu. Kuku wa nyama anayekua kwa kasi anahitaji oksijeni nyingi kuliko moyo wake unavyoweza kusukuma. Akiongezewa baridi, moshi na banda lililofungwa magunia kila upande, moyo hulemewa na maji hujaa tumboni. Utamwona ni yule mkubwa, mzuri, wiki ya nne au ya tano, kilemba kimegeuka zambarau, anahema, tumbo limejaa kama puto. Mfugaji hukimbilia dawa. Haitibiki kwa dawa. Na hapo ndipo naona kichekesho cha huo unga wa kukuza: huku juu, kumharakisha kuku kupita kiasi ndiko kunakomuua.

Kwa hiyo baada ya wiki ya kwanza, inua mapazia mchana, hata kwa nusu saa nusu saa siku za baridi. Zima taa usiku kwa saa nne hadi sita. Hiyo desturi ya kuwasha taa usiku kucha ili wale bila kukoma haina faida hapa. Shika konzi ya maranda uiminye: yakibaki donge ukiachia, yamelowa, yatoe na uweke mapya. Ukiingia bandani macho yakakuwasha, kuku wamekuwa humo kwenye hiyo hewa usiku mzima, na mapafu yao yamekwisha kufunguliwa mlango wa magonjwa. Mvua za Aprili ndizo mtihani mkubwa. Inua vyombo vya maji vilingane na mgongo wa kuku ili wasiyamwage.

8. Pima kila wiki.
Siku ya kufika na kila siku ya saba, pima kuku 20 uliowakamata bila kuchagua. Mwisho wa wiki ya kwanza awe amefikisha mara nne ya uzito wa siku ya kwanza au zaidi: wa gramu 40 awe na 160 na kuendelea. Asipofika, tatizo ni joto, maji au chakula, na bado una muda wa kurekebisha. Ukiuza, gawanya kilo za chakula ulichotumia kwa kilo za kuku waliotoka. Kuku 100 waliokula kilo 340 na kutoka na kilo 190 wamekupa 1.79, yaani kilo 1.79 za chakula kwa kila kilo ya kuku, na hiyo ni nzuri kwa banda dogo. Ukivuka 2.2, kuna mahali chakula kinamwagika, kinaibwa, au kinaliwa na panya.

9. Wakiugua kweli.
Antibiotiki si haramu. Kuku mwenye ugonjwa wa bakteria anastahili kutibiwa, na mwongozo huu hausemi umwache ateseke. Lakini ujue kwanza ni nini. Ukipoteza zaidi ya kuku mmoja kati ya mia kwa siku moja baada ya wiki ya kwanza, peleka wawili waliokufa asubuhi hiyo na wawili wanaougua Maabara Kuu ya Mifugo ya Kabete, au Chuo Kikuu cha Nairobi pale Upper Kabete, wapasuliwe. Wabebe kwenye ndoo yenye mfuniko, wakae baridi, wasigandishwe. Beba na orodha ya chanjo na ya kila ulichotia majini, hata kile unachoona haya kukitaja.

Dawa ukiandikiwa, toa kipimo kamili kwa siku zote ulizoambiwa, hata kuku wakichangamka siku ya pili. Changanya kwa maji ya siku moja tu. Waliokufa wazike shimo refu na chokaa. Wasiende kwa mbwa, na wasiende soko la nyama la Burma.

10. Hesabu siku za kusubiri kabla ya kuuza.
Kwenye lebo tafuta maneno "withdrawal period". Hizo ni siku ambazo lazima zipite tangu tone la mwisho la dawa hadi kuku achinjwe. Kama lebo inasema siku 7 na unauza siku ya 35, tone la mwisho liwe siku ya 28. Ukitibu siku ya 32, hoteli itasubiri, na wewe utalisha siku nne zaidi. Inauma, najua. Andika tarehe kwenye daftari siku ile ile, si kwa kukumbuka.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Kundi moja, ukubwa tofauti. Vyombo ni vichache, wanyonge wanasukumwa. Ongeza vyombo, na watenge wadogo kwenye bruda yao wiki nzima. Kama ni wote wamedumaa, rudi kwenye gunia ulinuse.

Mavi yenye damu, wiki ya tatu hadi ya tano. Karibu kila mara ni koksidia, na chanzo ni maranda yaliyolowa. Amprolium huitibu na si antibiotiki, ila fuata lebo, na ubadilishe maranda siku hiyo hiyo, la sivyo inarudi.

Wanakoroma na kupiga chafya. Fungua hewa kwanza. Kama baada ya siku moja bado, au wameacha kula, au wengine shingo zimepinda, usinunue kitu. Piga simu kwa daktari. Shingo kupinda huenda ni Newcastle.

Kuku wazima wanakufa chali ghafla, wanene, bila dalili. Mara nyingi ni moyo, ndugu yake yale maji ya tumboni. Punguza saa za taa.

Nimewapa shubiri, vitunguu saumu na pilipili, je, ni vibaya? Si vibaya kwa kiasi, na majirani zangu wengi hutoa. Usiviite dawa, na usivitoe siku ya chanjo.

Mnunuzi wa mbolea anataka kujua kama ulitumia dawa. Mwambie ukweli, maana sehemu ya antibiotiki hupita kwa kuku bila kubadilika na kutoka na mavi, na ile mbolea inakwenda kwenye sukuma wiki. Ya kundi lililotibiwa irundike peke yake, uifunike ioze miezi kadhaa kabla ya kuitoa.

Mteja analalamika kuku wako ni mdogo kuliko wa jirani. Mpimie kwenye mizani mbele yake, kisha mwambie bei kwa kilo. Kama anataka mkubwa zaidi, mwekee hadi wiki ya sita, na aweke oda kwa kulipa amana.